Kabla hujaandika barua ya kuacha kazi, piga hesabu mpaka Februari



Kila mwaka mwezi wa saba, mahindi yakiwa yameshakauka na watu wanapukuchua, napokea simu za aina moja. "Bwana shamba, shikamoo. Nimechoka na kazi ya watu. Naacha, nakuja kulima." Wengine ni walimu wa shule binafsi, wengine wauzaji wa maduka ya pembejeo, makarani, madereva, mafundi wa mashine za kusaga. Halafu mwezi wa pili, mvua ikiwa imekolea, zinakuja simu za aina nyingine: "Bwana shamba, huko mjini hakuna kazi yoyote?"

Mara nyingi aliyepiga Julai ndiye huyo huyo anayepiga Februari. Katikati hapo kuna miezi saba tu. Makala ya leo inahusu hiyo miezi saba.

Sisemi usiache kazi. Wapo vijana Laela, Kaengesa, Matai na Namanyere walioacha mishahara na leo wanalima ekari nyingi kwa faida. Ninachosema ni kwamba kuacha kazi ni kama kupanda mahindi, kuna wakati wake, na kuna maandalizi yanayotangulia. Ukipanda umechelewa, mbolea nzuri haikusaidii sana.

Huku kwetu shamba linalipa mara moja kwa mwaka

Wenzetu wa Kilimanjaro au Bukoba wana mvua za vuli na za masika, kwa hiyo wanaweza kuvuna mara mbili. Sisi wa Ufipa tuna msimu mmoja. Mvua zinaanza Novemba na kuisha Aprili hivi. Mahindi yanapandwa mwishoni mwa Novemba na Desemba, na kwa sababu tuko juu na kuna baridi, yanachukua muda kukomaa. Unavuna Juni na Julai. Fedha ya maana inaingia Julai na Agosti, NFRA na wafanyabiashara wakishaanza kununua.

Mshahara unakuja kila mwezi, mara 12 kwa mwaka. Mahindi yanakuja mara 1. Ukitoka kwenye mshahara kuingia shambani, unabadilisha kazi na unabadilisha pia kalenda ya hela. Watu wengi wanajiandaa kwa kazi mpya, ila kalenda mpya wanaisahau.

Wazee wetu walilijua hili. Enzi za mkoloni vijana wa Kifipa walitoka kwenda kutafuta kazi kwenye dhahabu ya Lupa kule Chunya, kwenye migodi ya shaba Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, na wengine walichukuliwa kama manamba kwenye mkonge wa Tanga. Walitafuta hela ya kodi na ya nguo. Nyumbani walibaki wake zao na wazee, wakilima ulezi na maharage kwenye matuta yale ya kufukia majani. Shamba lililisha familia na kazi ya mbali ilileta hela. Suala la kuchanganya shamba na ajira si geni Ufipa. Tofauti ni kwamba leo unaweza kuchanganya bila kwenda mbali.

Hesabu ya kijana wa ekari tatu

Tuchukue mfano. Namba hizi ni za kufanyia zoezi tu, we weka bei za kwako za siku hiyo.

Kijana analima ekari 3 za mahindi huku akiwa kazini. Anafuata kanuni: mbegu bora kilo 10 kwa ekari, mstari kwa mstari sentimita 75, shimo kwa shimo sentimita 30 mbegu moja moja, mbolea ya kupandia na ya kukuzia kwa wakati. Anapata gunia 15 za kilo 100 kwa ekari. Jumla gunia 45.

- Anabakiza gunia 6 za kula nyumbani. Za kuuza zinabaki 39.
- Anauza kwa shilingi 550 kwa kilo, sawa na 55,000 kwa gunia. Anapata 2,145,000.
- Gharama za msimu unaofuata (mbegu, mbolea, kulimisha, palizi, dawa ya viwavijeshi) ni 350,000 kwa ekari. Kwa ekari 3 ni 1,050,000.
- Akishaweka pembeni hela ya msimu, inabaki 1,095,000.

Sasa tuseme ameacha kazi mwisho wa Agosti, mfukoni ana hiyo 1,095,000. Matumizi ya nyumbani ni 200,000 kwa mwezi, yaani kodi ya chumba, mafuta, sabuni, mboga, hospitali, mchango wa msiba, vocha. Septemba 200,000. Oktoba 200,000. Novemba, Desemba, Januari vilevile. Hapo imeshaondoka 1,000,000. Februari anaianza na 95,000.

Katikati ya Februari hela imeisha. Mahindi ndiyo kwanza yanakaribia kutoa mbelewele, na mavuno ni Juni mwishoni. Kijana huyu hajanywa pombe, hajanunua pikipiki, hajaoa mke wa pili. Amelima vizuri na kuuza kwa bei ya wastani. Hela imeisha kwa sababu kalenda haikutosha.

Kumalizia Februari anahitaji 105,000. Machi, Aprili, Mei na Juni ni 800,000. Jumla ya pengo ni 905,000.

Pengo hilo linazibwaje? Hapa ndipo watu wanapopotea

Kuna njia mbili mbaya ambazo nimeziona sana.

Ya kwanza ni kula hela ya mbolea. Kijana anajisemea, "Nitanunua urea baadaye." Baadaye haifiki. Mahindi yanakuwa ya njano, anavuna gunia 6 kwa ekari badala ya 15. Mwaka unaofuata pengo linakuwa kubwa zaidi.

Ya pili ni kuuza mahindi yakiwa bado shambani. Dalali anakuja Februari au Machi, anaangalia shamba linavyopendeza, anakupa hela taslimu, mzigo atachukua mwezi wa saba. Tuseme anakupa 25,000 kwa gunia. Ili upate ile 905,000 inabidi umwahidi gunia 37. Kati ya gunia zako 45 unabaki na 8. Ukitoa 6 za kula, za kuuza ni gunia 2. Umelima ekari tatu mwaka mzima kwa ajili ya gunia mbili. Na kama dalali anapima kwa lumbesa, hata hizo mbili hazipo.

Ndiyo maana nasema Februari ndiyo mtihani. Kabla hujaacha kazi, jiulize swali moja: Februari nitakula nini bila kugusa mbolea na bila kuuza mahindi machanga? Kama una jibu, acha kazi kwa amani. Kama huna, bado hujawa tayari, hata kama bosi anakuudhi.

Kwa hiyo unatafuta kazi ya namna gani?

Hapa kuna habari njema. Chukua lile pengo la 905,000, ligawanye kwa miezi 10 ya Septemba mpaka Juni. Unapata 90,500 kwa mwezi.

Maana yake ni kwamba kijana huyu hahitaji kazi nyingine kama ile aliyoacha. Anahitaji kazi ya kumwingizia kama elfu tisini na moja kwa mwezi, na yenye nafasi ya kushika jembe Desemba na Januari. Ukienda mjini unasema "natafuta kazi yoyote", utapata yoyote, na yoyote mara nyingi ni ya kutwa nzima. Ukijua unatafuta kiasi gani na miezi gani, unatafuta kwa akili.

Kazi zinazokaa vizuri na shamba huku kwetu ni kama hizi:

1. Julai mpaka Oktoba, msimu wa kununua mazao. Maghala, wafanyabiashara wa nafaka na vyama vya ushirika wa mazao wanahitaji watu wa kupima, kuandika, kushona magunia, kupakia. Kijana anayejua kusoma mzani na kutunza daftari safi anaitwa tena mwaka unaofuata.
2. Septemba mpaka Desemba, msimu wa pembejeo. Maduka ya pembejeo yanazidiwa na wateja. Kama umesoma kilimo, hata cheti tu, wewe ni mali. Makampuni ya mbegu nayo hutafuta vijana wa kusimamia mashamba darasa vijijini.
3. Huduma kwa wakulima wenzako. Kupuliza dawa ya magugu na ya viwavijeshi kwa kutumia bomba lako, kupukuchua kwa mashine, kubeba mazao kwa guta. Unalipwa kwa ekari au kwa gunia. Ila vaa kinga, na soma kibandiko cha dawa kabla ya kuchanganya.
4. Kiangazi kwenye mabonde. Mwenye kipande cha bonde lenye maji anaweza kupata kabichi, vitunguu na mboga za majani wakati wa kiangazi. Juni na Julai baridi ni kali, kwa hiyo uliza aina ya mbegu kabla ya kusia.
5. Ufundi. Chuo cha VETA cha mkoa wetu kinafundisha fani mbalimbali. Fundi wa pikipiki, wa umeme au wa kuchomelea halali njaa Februari, kwa sababu pikipiki zinaharibika hata wakati wa mvua.

Usisahau pia maharage. Ukipanda Februari au mwanzoni mwa Machi unavuna kabla ya mahindi, na gunia moja la maharage lina hela kuliko la mahindi. Hilo nalo ni sehemu ya kuziba pengo.

Jaribu kwanza kwa likizo yako

Sheria inakupa likizo ya mwaka ya siku 28. Vijana wengi wanaitumia Krismasi kwenda kusalimia. Iombe mapema ianze mwisho wa Novemba, uende ukapande mwenyewe. Hutalima kwa simu msimu huo. Utajua kama mgongo unakubali, kama msimamizi wako ni mwaminifu, kama mbolea uliyonunua kweli iliingia kwenye shimo.

Halafu fanya zoezi la pili: miezi mitatu mfululizo, ishi kwa nusu ya mshahara, nusu nyingine weka akiba. Kama nyumbani mnashindwa sasa hivi mshahara ukiwepo, mshahara ukikatika itakuwaje? Zoezi hili lifanye pamoja na mke au mume wako. Wapo wanaoacha kazi asubuhi, mwenzao anasikia jioni kwa jirani. Hiyo sio njia ya kuanzisha kilimo biashara.

Na kama una mkopo wa mshahara benki, nenda ukaongee nao kabla. Mkopo hauishi kwa sababu ajira imeisha, na aliyekudhamini bado ana familia yake.

Barua na haki zako

Sasa umeamua. Hasira weka pembeni, chukua karatasi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ndiyo inayotawala ajira za sekta binafsi. Mambo ya kuzingatia ni haya:

- Notisi iwe ya maandishi. Anayelipwa kwa mwezi anatoa notisi isiyopungua siku 28. Anayelipwa kwa siku au kwa wiki, siku 4. Kama uko ndani ya mwezi wa kwanza wa ajira, siku 7. Mkataba unaweza kudai muda mrefu zaidi, kwa hiyo usome.
- Likizo na notisi haviendi pamoja. Huwezi kutoa notisi ukiwa likizo, wala kuhesabu siku za likizo kama siku za notisi. Maliza likizo, rudi, ndipo uandike.
- Fanya kazi siku za notisi. Ukitoa notisi halafu ukagoma kufanya kazi, mwajiri anaweza kukata kiasi cha siku hizo kwenye malipo yako.
- Mkataba wa muda maalumu una mwisho wake. Ukiukatisha katikati mwajiri anaweza kukudai. Ongea naye kwanza, na mkikubaliana muandikishane.
- Unachostahili kulipwa ni mshahara wa siku ulizofanya kazi na likizo uliyostahili lakini hukuchukua. Malipo ya kuachishwa, yale ya mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimiza hadi miaka 10, ni ya mtu ambaye mwajiri ndiye amemwachisha. Ukiacha mwenyewe usiyapigie hesabu.
- Dai cheti cha utumishi. Ni haki yako. Kinaonyesha ulifanya kazi gani, tangu lini mpaka lini. Utakihitaji siku ukitafuta kazi nyingine.

Kuhusu NSSF, kabla hujaondoka hakikisha michango yako yote imefika. Jumla ni asilimia 20 ya mshahara, na kinachokatwa kwako hakizidi asilimia 10. Vijana wengine wanaacha kazi wakidhani watachukua michango yao yote wanunue trekta. Usijenge mpango wa shamba juu ya hela hiyo. Fao la kukosa ajira nalo halimhusu aliyeacha kwa hiari yake. Michango yako haipotei, inakungoja, na ukipata kazi nyingine unaendelea na uanachama ule ule. Unaweza pia kuendelea kuchangia mwenyewe kama mtu uliyejiajiri.

Jambo moja zito. Kama bosi anakulazimisha uandike barua ya kuacha ili asikulipe haki zako, usisaini. Nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile inayoitwa CMA. Malalamiko ya kuachishwa kazi isivyo halali yanatakiwa kufika ndani ya siku 30, kwa hiyo usikae nyumbani kusubiri hasira ipoe. Walio serikalini wana taratibu zao. Muone afisa utumishi wa halmashauri yako.

Barua yenyewe iwe fupi. Tarehe, jina la mwajiri, halafu: "Natoa notisi ya siku 28 ya kuacha kazi kuanzia leo. Siku yangu ya mwisho itakuwa tarehe fulani. Naacha ili nijishughulishe na kilimo. Nashukuru kwa nafasi niliyopata. Naomba malipo yangu ya mwisho na cheti cha utumishi." Basi. Usiandike yote yaliyokuudhi miaka mitatu. Bakiza nakala iliyogongwa muhuri au kusainiwa kwamba imepokelewa.

Kwa nini nasisitiza adabu? Kwa sababu Sumbawanga ni mji mdogo. Bosi uliyemtukana Agosti anaweza kuwa mnunuzi wa mahindi Julai ijayo, au rafiki wa mtu unayemuomba kazi.

Ukitafuta kazi nyingine

Anza kutafuta ukiwa bado kazini. Mwenye kazi anaongea bei, asiye na kazi anapokea anachopewa. Ajira za serikali zinatangazwa na kuombwa kwenye Ajira Portal ya Sekretarieti ya Ajira. TaESA nayo huwaunganisha watafuta kazi na waajiri. Anayekuomba "hela ya fomu" au "hela ya kumwona mkubwa" ili upate kazi, huyo ni tapeli, usimtumie hata mia.

Na shamba lako liandike kwenye wasifu wako. Vijana wengi wanaficha, wanaona kulima ni aibu, wanaacha pengo la miaka miwili. Andika: "2023 mpaka 2025, nilisimamia shamba la mahindi ekari 3, vibarua 6 wakati wa palizi, nilitunza hesabu za mapato na matumizi." Mwenye ghala au duka la pembejeo akisoma hivyo anaona mtu anayejua kazi. Lakini uwe na daftari kweli, maana anaweza kukwambia ulilete.

Kama unataka mtaji, ulizia halmashauri kuhusu mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambayo vijana ni mojawapo ya makundi yake. Inatolewa kwa vikundi, kwa hiyo chagua wenzako kama unavyochagua mbegu. Na ujue mkopo huo una marejesho. Ukikopa Novemba, uliza marejesho yanaanza lini. Yakianza Februari, umejiongezea mtihani.

Ya kufanya kwa mwaka, kwa ufupi

- Februari mpaka Mei, ukiwa bado kazini: ishi kwa nusu ya mshahara, panda maharage, andika matumizi ya nyumbani kila siku.
- Juni na Julai: vuna, kausha mpaka unyevu usizidi asilimia 13.5, hifadhi kwenye mifuko ya kinga njaa. Mahindi makavu yaliyohifadhiwa vizuri hayakulazimishi kuuza wiki ya kwanza.
- Julai na Agosti: uza sehemu kwa mzani, sio kwa lumbesa. Nunua mbolea ya msimu mara moja, hakikisha taarifa zako kwenye daftari la wakulima wa ruzuku ziko sahihi. Mbolea ikiwa ndani huwezi kuila.
- Agosti: piga hesabu mpaka Juni. Kama Februari ina jibu, andika barua. Kama haina, baki kazini msimu mmoja zaidi, ongeza ekari au tafuta kwanza kazi ya pembeni.

Kubaki kazini mwaka mmoja zaidi sio kushindwa. Mshahara wa mwaka huo ndio mkopo wa bei nafuu kuliko wote utakaopata, kwa sababu hauna riba na haudai dhamana ya shamba la baba.

Wale mnaotaka kupitia hesabu zenu pamoja nami, njooni ofisini na daftari la matumizi ya angalau mwezi mmoja. Msije na ndoto peke yake. Toleo lijalo tutaangalia namna ya kupima udongo kabla ya kununua mbolea ya msimu.

Kila la heri shambani.